Tenofora vamizi: je, kweli walikula samaki wa Bahari Nyeusi, au waliwanyang'anya chakula?

Swali la msomaji: "Nasoma ikolojia ya bahari. Kila ninaposoma naambiwa Mnemiopsis leidyi aliingia Bahari Nyeusi, akala mayai na lava wa anchovi, uvuvi ukaanguka. Lakini Bahari ya Baltiki, ambako yupo tangu 2006, sioni maafa ya aina hiyo. Nini hasa kinachoamua? Na nikivuta wavu nikapata tenofora 15 kwa kila mita ya ujazo, nitajuaje kama idadi hiyo ni ya kutia hofu?"

Jibu:

Tuyaweke mayai ya samaki kando kwanza. Ni kweli Mnemiopsis, ambaye ni tenofora, yaani mnyama wa baharini mwenye mwili wa jeli, huyala, na lava (samaki wachanga walioanguliwa karibuni) pia, lakini pigo lake kubwa kwa samaki wadogo ni la njaa. Anchovi hula kopepodi, wadudu wadogo wa majini wa jamii ya kamba; lava wake hula kopepodi wachanga; na Mnemiopsis naye, akishakomaa, anategemea hao hao. Kwa hiyo ukiwa na data mezani, swali la kwanza ni hili: wanachuja maji kwa kasi gani, ukilinganisha na kasi ya kopepodi kuzaana? Hesabu hiyo tutaifanya hapa chini kwa hao 15 wako. Mengine yote, yaani Bahari Nyeusi, Kaspi na Baltiki, ni habari ya mazingira yanayoipandisha kasi moja na kuishusha nyingine.

Ili uelewe kasi hiyo inatoka wapi, mtazame mnyama mwenyewe akiwa ametulia ndani ya chombo cha kioo. Mwili ni jeli angavu, wa sentimita chache tu, ingawa wakubwa hufikia 10 au zaidi. Una mistari minane ya silia, yaani vijinywele vinavyopigapiga, zilizopangwa kama meno ya chanuo, zinazometameta zikipigwa na mwanga. Pande mbili zinaning'inia mbawa pana, na kati ya mbawa hizo, karibu na mdomo, kuna visikio vinne vyembamba ambavyo silia zake hazikomi kupiga. Silia za visikio ndizo zinazovuta maji, tena kwa upole mno. Kopepodi ana vipapasio vinavyohisi mtikisiko mdogo kabisa na ana miguu ya kumrusha mbali kufumba na kufumbua, lakini mkondo ule haumshtui mpaka awe tayari yuko katikati ya mbawa. Akiruka hapo, anajigonga kwenye ukuta wa mbawa au kwenye minyiri midogo yenye seli za gundi. Sumu hana, wala hadungi kama konyeza wa kawaida. Windo linanata, linasukumwa hadi mdomoni, basi.

Sifa yake ya pili ni kwamba hashibi kwa namna tuliyoizoea kwa samaki. Chakula kikiongezeka, ulaji wake hupanda karibu kwa uwiano uleule, na kinachomshinda kumeng'enya hukitema kikiwa kimefungwa kwenye ute. Aliyetemwa hivyo ni kopepodi aliyekufa. Hakumnufaisha aliyemkamata wala samaki. Chakula kikiisha, tenofora hafi haraka: husinyaa, akiutumia mwili wake mwenyewe, na huweza kusubiri hivyo kwa wiki kadhaa.

Kuhusu uzazi, kila mmoja ana jinsia zote mbili na anaweza kujirutubisha mwenyewe, kwa hiyo mmoja tu aliyebaki ndani ya tangi la meli anatosha kuanzisha kizazi. Kwenye maji ya joto huanza kutaga akiwa na umri wa wiki mbili hivi. Mkubwa aliyekula vizuri hutaga mayai 2,000 hadi 3,000 kwa siku, na wapo waliopimwa wakapita 10,000. Mayai huanguliwa baada ya siku moja. Lakini chakula kikipungua, utagaji huporomoka mara moja, na hili ulikumbuke tutakapofika Baltiki.

Sasa Bahari Nyeusi. Mnemiopsis, mwenyeji wa pwani ya Atlantiki ya Amerika kuanzia Marekani hadi Argentina, alionekana huko mwaka 1982, akiwa ameletwa na maji ya farumi, yale yanayojazwa kwenye matangi ya meli ili isiyumbe ikiwa haina mzigo. Kwa miaka michache hakusumbua. Mlipuko ulikuja 1988 na 1989. Takwimu inayozungushwa sana ni ya tani bilioni 1 za tenofora, nami ningekushauri uipokee kwa tahadhari. Bahari Nyeusi ina kilomita za mraba 430,000 hivi. Ukigawanya, ni zaidi ya kilo 2 kwa kila mita ya mraba, bahari yote, kina kirefu kwa kifupi. Watafiti wengi wanaiona ni ya juu mno. Na hata ingekuwa sahihi, huo ni uzito wa maji: kilo moja ya tenofora mbichi ina gramu moja hivi ya kaboni. Ndiyo maana uzito mbichi wa jeli haulinganishwi hata siku moja na uzito mbichi wa samaki. Geuza kwanza vyote viwe kaboni.

Mavuno ya anchovi ya Uturuki, taifa linalovua sehemu kubwa ya samaki huyo, yalishuka kutoka karibu tani 300,000 mwaka 1988 hadi chini ya 100,000 mwaka 1990. Hapo ndipo masimulizi mengi yanapoishia. Lakini angalia kilichotangulia. Miongo miwili kabla, pomboo, vibua na jodari wadogo walikuwa wamevuliwa hadi wakabaki wachache sana. Samaki wadogo, wakiwa hawana tena wa kuwapunguza, waliongezeka, kisha meli zikawageukia wao. Wakati huohuo mito, Danubi ukiwa mkubwa wao, ilikuwa ikimwaga nitrojeni na fosforasi ya mbolea, na planktoni, yaani mwani na wanyama wadogo wanaoelea majini, ikashamiri. Anchovi alipovuliwa kupita kiasi, chakula kikabaki baharini bila mlaji. Tenofora akakikuta.

Wapo wanaosema uvuvi peke yake unatosha kueleza anguko lile, na wana hoja: kufikia 1995 mavuno ya Uturuki yalikuwa yamekwisha kupanda tena zaidi ya tani 300,000, ilhali mlaji wa Mnemiopsis alikuwa bado hajafika. Wanaomlaumu tenofora nao wana yao: planktoni wanyama waliporomoka katika miaka ileile ya mlipuko, na hata konyeza-mwezi, Aurelia aurita, ambaye havuliwi na mtu, alipungua mno. Kwa maoni yetu hoja ya pili ndiyo nzito zaidi kuhusu planktoni, na ya kwanza ndiyo nzito zaidi kuhusu samaki. Tenofora aliziba njia ya kupona. Uvuvi ndio uliomwangusha anchovi mpaka akahitaji kupona.

Mwaka 1997 akaingia tenofora mwingine, Beroe ovata. Huyu hana minyiri wala mbawa. Ni kama mfuko wenye mdomo mpana, na ndani ya mdomo ana silia ngumu zinazokata kama meno. Karibu chakula chake chote ni tenofora wenzake. Tangu hapo, Mnemiopsis wa Bahari Nyeusi hupanda katikati ya kiangazi, Beroe naye hupanda mwishoni mwa kiangazi na kumfyeka, kisha naye hupungua kwa kukosa windo. Msimu wa Mnemiopsis umefupishwa kutoka miezi mingi hadi miwili au mitatu hivi, na planktoni wanyama pamoja na mayai ya samaki viliongezeka tena kwenye sampuli. Ona kwamba Beroe hakummaliza. Alimpunguzia muda tu, na muda huo ulitosha.

Bahari ya Kaspi inaonyesha jinsi inavyokuwa pasipo kipingamizi hicho. Mnemiopsis aligunduliwa huko 1999, akiwa amepitia mfereji wa Volga na Don ndani ya meli. Kaspi ina chumvi ya 12 hadi 13 kwa elfu, kwa hiyo anabaki mdogo wa mwili, lakini anazaana. Kilka, samaki wa jamii ya dagaa anayelisha stajeni wa beluga na sili wa Kaspi, alianguka vibaya: mavuno ya Iran, yaliyokuwa karibu tani 95,000 mwaka 1999, yalishuka chini ya 20,000 ndani ya miaka minne. Orodha ya kopepodi ilifupika hadi Acartia tonsa, ambaye mwenyewe ni mgeni, akabaki karibu peke yake kwenye sampuli. Wazo la kumwingiza Beroe kwa makusudi lilijadiliwa na kujaribiwa maabara. Kula Mnemiopsis alikula, ila uzazi ulikwama kwenye chumvi ndogo namna ile. Hilo ndilo tatizo la kumfuata mvamizi kwa mvamizi: windo linavumilia chumvi kuanzia chini ya 5 hadi karibu 40 kwa elfu, mwindaji wake havumilii hivyo.

Huku chini ya mtandao wa chakula kuna athari ambazo wengi huzipita. Kopepodi wakipungua, mwani mdogo wanaoula hubaki, na maji hugeuka kijani. Kaspi ya kusini ilionekana hivyo hata kwa setilaiti. Lakini kopepodi hula pia siliati, viumbe vya seli moja, na siliati nao hula mwani mdogo zaidi na bakteria, kwa hiyo usitegemee mstari mmoja ulionyooka kwamba jeli wakiwa wengi basi mwani huwa mwingi. Inategemea ni mwani wa ukubwa gani. Kisha kuna ute. Tenofora hutoa kaboni nyingi iliyoyeyuka, yenye nitrojeni kidogo. Bakteria huila haraka, ila vipimo vilivyofanywa katika ghuba ya Chesapeake, Marekani, vinaonyesha kwamba sehemu kubwa huipumua ikawa kaboni dioksidi badala ya kuijenga iwe mwili. Maana yake ni kwamba kaboni ambayo ingepanda kutoka kopepodi hadi samaki inavuja nje ya mtandao. Na kwa kuwa ni samaki wachache wanaomla tenofora kwa wingi, kilichoingia kwake mara nyingi kinaishia kwake, au kinazama akifa na kuoza chini kikila oksijeni.

Chesapeake yenyewe ni kwao Mnemiopsis, na inafaa kuitazama kwa sababu huko kuna wanaomzuia. Konyeza mwenye kudunga wa jenasi Chrysaora humla sana wakati wa kiangazi, na pale alipo kwa wingi tenofora hupungua na kopepodi hurudi. Mtu anayetaka kuwaondoa konyeza hao ili waogeleaji wasichomwe angefikiria mara mbili.

Basi, Baltiki. Mambo matatu yanamshika. La kwanza ni chumvi: katika bonde la Bornholm maji ya juu yana takriban 7 kwa elfu, na hapo Mnemiopsis anaishi lakini mayai ni machache mno. Wengi wanaoonekana huko wamesukumwa na mikondo kutoka magharibi yenye chumvi zaidi. La pili ni kwamba mayai ya samaki kodi huelea kwenye tabaka la chini lenye chumvi, ambako kuna baridi, na kwenye baridi tenofora hula polepole. Majaribio yalionyesha pia kwamba mayai hayo mara nyingi hukataliwa hata yakiguswa. La tatu ni baridi ya Januari na Februari. Baada ya vipindi vikali vya mwanzoni mwa miaka ya 2010 alitoweka sehemu kubwa ya eneo, akarudi baadaye kwa mikondo. Zaidi ya hayo, baadhi ya taarifa za awali kutoka Baltiki ya kaskazini hazikumhusu kabisa. Vipimo vya DNA vilionyesha kwamba wale wadogo walikuwa Mertensia ovum, tenofora wa maji baridi. Lakini usiseme "Baltiki iko salama" ukajumuisha majirani. Limfjorden ya Denmark, iliyo na chumvi ya kutosha, kina kifupi na mbolea tele, ilipata mamia ya tenofora kwa mita moja ya ujazo mwaka 2007, na kopepodi wakafyekwa.

Sasa hao 15 wako. Tuseme ulitumia wavu wa kipenyo cha sentimita 50. Eneo la mdomo ni mita za mraba 0.196, ukiuvuta wima kutoka mita 20 unachuja mita za ujazo 3.9. Ukihesabu wanyama 59, ni 15 kwa mita ya ujazo. Mpe kila mmoja uwezo wa kusafisha lita 10 kwa siku, ambao ni wa kukadiria kwa mnyama mdogo kwenye maji ya joto. Wakubwa husafisha makumi ya lita. Jumla ni lita 150 kati ya 1,000, yaani kasi ya 0.15 kwa siku. Usisome hiyo kuwa "asilimia 15 huliwa", kwa sababu maji yaleyale huchujwa tena: sehemu inayoliwa ni 1 kutoa e kwa kipeo cha hasi 0.15, karibu asilimia 14.

Weka kando yake kasi ya kopepodi kuongezeka pasipo tenofora. Ikiwa ni 0.10 kwa siku, tofauti ni hasi 0.05, na kopepodi watapungua kwa nusu ndani ya siku 14. Kwa idadi hiyohiyo, kopepodi wanaozaana kwa 0.20 wangeendelea kuongezeka. Na kama ni tenofora 60, kasi ya kuliwa ni 0.6, nusu ya kopepodi wanaondoka kwa siku moja na nusu hivi, na hakuna kasi ya uzazi itakayowaokoa. Kwa hiyo 15 inatisha au haitishi kutegemea joto, aina ya kopepodi, na ukubwa wa tenofora. Wadogo wa milimita 5, ambao bado wanatumia minyiri na kula siliati zaidi, usiwape lita 10. Wapange kwa ukubwa na uwahesabu mbali.

Makosa yanayoharibu hesabu hii mara nyingi ni ya kwenye sitaha. Mnemiopsis anakatika kama uji ukimvuta kwa nguvu: vuta taratibu, chini ya nusu mita kwa sekunde, kwa wavu wenye macho ya mikroni 300 hadi 500 na chombo cha mwisho kikubwa kisichopitisha maji pembeni. Usiuoshe wavu kwa bomba la shinikizo. Mimina kwenye beseni jeupe, hesabu na pima papo hapo wakiwa hai. Formalini usiithubutu, utafungua chupa baada ya wiki na kukuta maji ya ukungu. Lava unaweza kuwahifadhi kwa Lugol (myeyusho wa iodini) yenye asidi, lakini wakubwa wahesabiwe siku hiyohiyo. Andika kama umepima urefu pamoja na mbawa au kutoka mdomoni hadi kiungo cha mizani, kile kinachompa mnyama hisia ya juu na chini, kilicho upande wa pili, kwa kuwa mbawa hujikunja na vipimo viwili hivyo havilingani.

Angalia pia tabaka. Kiangazi wengi hukaa juu ya mpaka wa maji ya joto na ya baridi. Kama wote wako ndani ya mita 10 za juu nawe umevuta kutoka 20, basi pale wanapokula wako 30 kwa mita ya ujazo, na ulichokiandika ni nusu ya ukweli. Vuta mara mbili, mara moja kwa kila tabaka. Yaliyomo tumboni nayo yasitoke kwenye wavu hata kidogo: ndani ya chombo cha mwisho wamebanwa pamoja na kopepodi na wanaendelea kula. Kwa tumbo, chota mmoja mmoja kwa mtungi, na umkague mara moja, maana kopepodi humeng'enywa ndani ya saa chache tu.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ndiye. Mbawa za Mnemiopsis zinaanzia juu kabisa, karibu na kiungo cha mizani. Za Bolinopsis, anayefanana naye sana na ambaye ni mwenyeji wa bahari za kaskazini, zinaanzia katikati ya mwili. Aliyechanika usimpe jina kwa kukisia; kata kipande, weka kwenye ethanoli, peleka kwa DNA. Na mwezi wa baridi kali usiache kwenda baharini kwa sababu wavu unarudi mtupu. Idadi ya kiangazi hutegemea sana wangapi walisalia kwenye vihori na madimbwi yaliyojitenga, na wanaosalia ni wachache mno kiasi kwamba wavu wa sentimita 50 utawakosa. Hapo tumia wavu mpana zaidi, au chuja lita kadhaa za maji utafute DNA yao.